Gari la Kabichi Haliuzwi

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimfungulia geti mtu aliyekuja kununua gari la marehemu mama yangu, na kabla chai niliyomkaribisha haijapoa, nilimfungulia geti lile lile atoke. Sikumtukana. Alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi, na alilizunguka gari taratibu kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Aligongagonga bodi kwa kidole, akachuchumaa kuchungulia chini, akauliza giaboksi imewahi kufunguliwa mara ngapi. Kisha akafungua mlango wa dereva ili aone viti.

Hapo ndipo alipolikosa. Gari lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Kihonda, Morogoro mjini, kwa miaka mitatu, turubai juu yake, jua na vumbi vyote vimelipiga. Lakini mlango ulipofunguka harufu ikatoka kama iliyokuwa ikisubiri kufunguliwa: majani ya kabichi yaliyochacha, dizeli, udongo wa mlimani uliolowa, na kwa mbali sana yale mafuta ya mgando ambayo mama alijipaka mikononi. Mnunuzi akakunja pua. Akasema viti atavitupa na bodi ataikatakata, kwa kuwa anachotaka hasa ni injini na ekseli. Nikamwambia amalize chai yake, gari haliuzwi tena.

"Mama, dada yako ndiye aliyenipigia simu nije," alisema.

"Dada yangu yuko Dar," nikamjibu. "Gari liko hapa."

Najua unachotaka kuniambia, rafiki yangu. Wameshaniambia majirani, ameniambia fundi, wameniambia walimu wenzangu shuleni. Gari kuukuu ni mzigo. Linakula mafuta, linavuja oili, na leo kuna vigari vidogo vya kisasa ambavyo unawasha na kuondoka bila kusali kwanza. Yote ni kweli. Lakini kaa kidogo nikusimulie lilikotoka, halafu uamue kama mimi ndiye niliyepungukiwa akili.

Sisi tulizaliwa juu Mgeta, katika kijiji kilichobandikwa ubavuni mwa mlima kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mlangoni, unakwenda kukiokota kwa jirani. Asubuhi ukungu uliingia ndani ya nyumba bila hodi. Bibi, mama yake mama, alikuwa wa kwanza kuamka. Alifukia viazi kwenye jivu la moto, na sisi tuliviweka mifukoni mwa sweta tukitoka, si kwa njaa peke yake, bali tupate cha kupashia vidole. Kisha tulishuka mtoni kuosha karoti. Tulizitia kwenye gunia, gunia tukalilaza ndani ya maji, tukalikanyaga huku tukishikana mabega mimi na dada, mpaka udongo wote ukatoka na miguu yetu haina hisia. Dada alinizidi miaka sita. Nyayo zake zilipasuka nyufa kwa baridi ile, na jioni alizipaka mafuta ya taa na kusema kwa sauti ndogo kwamba akikua atakaa mahali ambapo maji ni ya moto.

Kabla ya gari, wanawake wote wa kijiji walibeba matenga ya kabichi kichwani mpaka kule malori yalikosimama. Njia ilikuwa kama ngazi iliyong'olewa vipande. Mwenye lori alijua kwamba mwanamke aliyeshusha tenga shingoni hana nguvu ya kulirudisha mlimani, kwa hiyo bei aliitaja yeye. Mama alibeba hivyo tangu usichana wake, na utosi wake ulikuwa na duara lisilo na nywele, laini kama kiganja. Sisi watoto tuliliona kila alipofungua kilemba kuoga, tukadhani akina mama wote wanalo. Wengi walikuwa nalo kweli.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja akasikia kwamba mhadhiri mmoja anahama Morogoro na anauza pikapu yake. Mama akatoa akiba yake ya misimu mingi ya kabichi, baba akaongeza kidogo alichokuwa nacho, akashuka mjini kwa miguu na kurudi akiendesha. Nakumbuka mlio wake ukipanda kilima kwa gia namba moja, unapotea kwenye kona, unarudi, unapotea tena, na kijiji kizima kimesimama ukingoni. Lilikuwa la bluu. Bibi alilizunguka mara mbili, akashika taa moja ya mbele kama anayemshika mtoto shavu, akauliza linakula nini.

Hatukumaliza mwaka nalo. Baba alishikwa na homa siku nne, ya tano tukamzika.

Sasa elewa jambo moja kuhusu kwetu. Sisi Waluguru ukoo wetu hufuata upande wa mama. Mimi na dada ni wa ukoo wa mama yetu. Baba alikuwa wa ukoo wa mama yake. Alipokufa, waliohesabika kuwa warithi wake kwa mila ya zamani hawakuwa sisi, walikuwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Siku ya pili baada ya matanga kuanuliwa wakapanda watatu kutoka Mlali, vijana wakubwa wenye ndevu. Walisalimia vizuri, shikamoo zao zilikuwa kamili, wakala ugali wetu. Kisha wakaanza kutoa vitu. Walitoa kitanda cha baba, baiskeli na redio, wakavipakia nyuma ya pikapu na kuanza kuvifunga kamba. Na ufunguo wa gari, ambao mama aliuficha juu ya kabati, tayari ulikuwa mkononi mwa mkubwa wao.

Mama alikuwa jikoni, kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Aliposikia kamba zinakazwa alitoka, akanishika mkono, akafungua mlango wa dereva, akaketi nyuma ya usukani na kunipakata. Hakujua hata kuliwasha. Nilikuwa na miaka tisa, mkubwa mno kupakatwa, na goti langu lilibanwa na usukani, lakini mkono alionishikia tumboni ulikuwa umekaza kiasi kwamba sikuthubutu kujisogeza.

Mpwa mkubwa akaja dirishani. Akasema kwa upole kwamba hawakuja kugombana, ila hii ni mali ya mjomba wao na mila inajulikana. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Kitanda ni cha mjomba wenu, chukueni," akasema. "Baiskeli ni yake, chukueni. Hili limenunuliwa na kabichi, na kichwa kilichozibeba ni hiki."

Akavua kile kitambaa. Mbele ya wanaume watatu, mjane wa wiki moja, akainamisha kichwa akawaonyesha utosi.

Sijui kama unaweza kuelewa ukubwa wa jambo lile. Mmoja wao aligeuza uso akatazama migomba. Wakaenda kukaa kwenye kuta za mawe za shamba, wakingoja njaa imtoe. Bibi akaleta kigoda, akakiweka hasa mbele ya tairi, akaketi na sufuria yake na kuanza kumenya viazi, kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtu aliyebakiwa na viazi vya mwaka mzima. Wanawake wa kijiji wakaanza kupita, mmoja mmoja, kila mmoja akisalimia kwa sauti na kusimama. Uji tuliletewa dirishani. Jua lilipofika upande wa pili wa mlima, mpwa mkubwa alikuja akaurusha ufunguo ndani ya gari ukaangukia mapajani mwangu. Waliteremka na kitanda, baiskeli na redio. Mama alilala kwenye mkeka mwaka ule wote, na sikumsikia hata siku moja akikizungumzia kitanda.

Ikabaki kazi ya kujua kuliendesha. Mwanamke pekee tuliyewahi kumwona akishika usukani alikuwa sista wa zahanati ya misheni, mama mfupi aliyekaa juu ya mto ili aone barabara. Mama alimwendea na kapu la mapichi. Sista akamwambia mapichi atakula, lakini kazi ni saa kumi kila siku baada ya zahanati kufungwa, na asije na kanga, aje na viatu. Wakatumia uwanja wa mpira wa shule. Siku ya tatu mama aliangusha goli, mlingoti mmoja ukaanguka chali, na wanaume waliokuwa wamekaa pembeni walicheka mpaka wakashikana. Mama akashuka, akasimamisha ule mlingoti, akaukandamiza udongo kwa kisigino, akarudi garini akaanza tena. Sista hakucheka wala hakumfariji. Alisema tu: "Klachi polepole, mama. Polepole si uoga."

Msimu uliofuata mama alishusha kabichi zake mwenyewe mpaka mjini, na za jirani zake.

Ungependa safari zile, rafiki yangu. Tuliondoka kabla ukungu haujapanda, mimi na dada tumekaa nyuma juu ya viroba, tumevaa sweta mbili mbili. Kila tulipoteremka hewa ilibadilika. Tukipita Langali tunavua sweta ya kwanza. Karibu na Mlali tunavua ya pili, jasho limeanza, na mlima wetu sasa uko nyuma, juu, umejifunika wingu kama haujawahi kutujua. Mjini sokoni mama alisimama juu ya pikapu akauza mwenyewe. Madalali walimwita Mama Kabichi kwa dhihaka, na kwa kuwa aliitika, dhihaka ikageuka jina. Akimaliza alitununulia barafu za ukwaju zilizogandishwa kwenye vifuko vya nailoni. Watoto wa nchi ya baridi, tumetoka kukanyaga karoti ndani ya maji ya barafu, halafu tunashangilia barafu. Mama alitutazama tukizifyonza akatikisa kichwa.

Barabara ile ilikuwa nyembamba, na mila yake ni kwamba mdogo humpisha mkubwa. Siku moja tulikutana kwenye kona na lori tupu linalopanda. Sisi tulikuwa tumejaza mpaka chesisi imekaa, na nyuma yetu ni mwinuko mkali, pembeni korongo. Dereva wa lori akapiga honi ndefu, akatoa kichwa akamwambia mama arudi nyuma, kisha akaongeza kitu kuhusu wanawake na jiko. Mama akazima gari. Akavuta breki ya mkono, akanituma niweke jiwe kwenye tairi, akachukua fuko la njegere lililokuwa miguuni pa dada, akatandaza kanga mapajani, akaweka bakuli juu yake na kuanza kumenya. Alimenya huku akituambia habari za utoto wake, jinsi bibi alivyomfundisha kupanda matuta. Dereva alipiga honi, akashuka, akazungumza na hewa, akarudi kukaa. Njegere zilikuwa zimefika nusu ya bakuli lori lilipoanza kurudi nyuma. Mama alipompita alimsalimia kwa heshima zote na kumuulizia watoto wake.

Na kulikuwa na masika moja ambapo mlima ulikatika. Udongo uliporomoka ukafunika barabara, upana wa kama madarasa mawili, tope laini lisilobeba hata mbuzi, na malori yakakataa kupanda. Kabichi zilikuwa zimekomaa mashambani, zinapasuka. Bahati gari letu lilikuwa ng'ambo ya chini, kwa fundi wa Langali. Mama akavuka kwa kupitia juu msituni, akalileta mpaka kwenye ukingo wa tope, akaligeuza likatazama bondeni. Wanawake wakalaza magogo na milango ya nyumba zao juu ya tope, wakasimama mstari mmoja kutoka upande huu hadi upande ule, na kabichi zikapita mkono kwa mkono, siku mbili. Dada alisimama katikati ya mstari, tope magotini. Mimi nilikuwa wa mwisho, ninayemkabidhi mama. Hadi leo nikishika kabichi sokoni mikono inataka kuirusha kushoto.

Baada ya masika yale dada akapata nafasi ya sekondari ya bweni mjini. Tulimteremsha kwa gari lile lile, tranka lake na ndoo na godoro juu ya kabichi. Alikaa mbele, sare mpya, mikono imekunjwa mapajani, na njia nzima hakusema neno. Mama naye hakusema. Mimi nyuma nilidhani ni maringo. Nilimchukia kidogo, kwa kweli, kwa kutogeuka hata mara moja kuutazama mlima.

Sasa nirudi nyuma ya nyumba yangu, kwenye turubai.

Mama aliendesha mpaka magoti yalipokataa klachi. Alilileta gari hapa Kihonda mwenyewe, safari yake ya mwisho, akanipa ufunguo na kadi, akasema tu nilifunike. Mwaka jana akafariki. Hakuacha neno lolote juu ya gari. Kikao cha familia kikanichagua mimi kusimamia mirathi, maana dada alisema yeye ana shughuli nyingi. Shamba la mlimani ni la ukoo, halina shida. Vilibaki kijumba chake, vyombo, na hilo gari.

Dada yangu ana mtoto mmoja, binti. Amesoma kilimo hapa hapa chuo kikuu, na alipomaliza kila mtu alingoja aajiriwe. Yeye akapanda mlimani. Ameyafufua matuta ya bibi yake, analima koliflawa na stroberi, na amekata nywele fupi kama mvulana kwa sababu, anasema, hana muda. Shida yake ni malori. Anapewa nafasi juu ya viroba vya watu wengine, na stroberi zinafika sokoni zimekuwa uji. Alinijia mapema mwaka huu, akaniamkia, akakaa, akasema jambo lake bila kuzunguka: anataka gari la bibi. Nikamwambia alichukue tu, kwani ni la nani tena. Akakataa.

"Mama mdogo, sitaki kuazimwa," alisema. "Mkiniazima, kila Krismasi nitaulizwa. Niandikwe kwenye kadi, na mama asaini kwamba ameridhia, au lifie hapo lilipo."

Dada alipopata habari alituma mnunuzi. Na mnunuzi nilipomrudisha, dada alipanda treni, akafika kwangu Jumapili mchana na kiroba cha nazi na uso uliofungwa.

Sitaki umwone mbaya. Alikuwa muuguzi miaka yote, ameona majeruhi wa barabarani wakiletwa wodini vipande. Alizungumza kwa muda mrefu na kila alichosema kilikuwa na miguu ya kusimamia. Breki ni za zamani, barabara ni ile ile, mvua ni zile zile. Zaidi ya hayo, alisema, hakumsomesha mwanawe ili arudi kukanyaga karoti. Akiwa na gari kule juu hatashuka tena, ataolewa na tope. Tukiuza, atachoka na malori, atatafuta kazi ya ofisini kama wenzake. Nilimuuliza kama amewahi kwenda kuyaona matuta ya binti yake. Akarudia habari za breki. Nikamwambia saini ya msimamizi ni yangu na sitaitia kwenye karatasi ya kuuza, hata akileta wanunuzi kumi.

"Tunauza chuma," alisema. "Hatumuuzi mama."

"Kama ni chuma tu," nikamwambia, "mbona umekipandia treni?"

Akatoka nje kwa mlango wa jikoni, nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya gari, ameinua turubai upande mmoja, kiganja chake kiko kwenye mlango wa dereva. Hakunitazama aliposema.

"Unajua nani aliwapa wale wapwa wa baba ufunguo?"

Sikuelewa mara moja.

"Mimi," akasema. "Waliniambia nikiwatolea watanishusha Mlali, nitakaa kwao nisome. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na miguu yangu inatoa damu. Niliutoa juu ya kabati nikampelekea mkononi."

"Mama alijua?"

"Alijua siku ile ile. Nani mwingine angejua ulipo? Hakuniuliza. Miaka yote hii, mpaka namfumba macho kwa mkono huu, hakuniuliza."

Basi nikamwona tena kwenye kiti cha mbele, sare mpya, mikono mapajani, hageuki. Nilibeba maringo yake moyoni zaidi ya miaka thelathini na hayakuwa maringo. Ningependa kukuambia nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika, lakini si kwa sababu ya ufunguo. Nilikasirika kwa vile alivyokuwa tayari kulikata gari vipande ili asilione tena, na kumlipisha binti yake deni la mtoto wa miaka kumi na mitano.

"Angetaka kukuadhibu angekuacha kule juu na karoti," nilimwambia. "Alikupeleka shule kwa gari hili hili. Mara ile ulilitoa kwa siri. Safari hii litoe mchana, kwa saini yako, umpe binti yako."

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni muda mrefu. Niliosha vyombo vyote na vingine vilivyokuwa visafi. Jua lilipopungua alikuja mlangoni akauliza kama breki zinaweza kufungwa mpya zote nne, na kama namfahamu fundi asiye mwongo. Nikamwambia ninaye. Akasema asaini wapi.

Fundi alikaa nalo wiki mbili. Alibadilisha breki, akaziba palipovuja oili, akataka kubadilisha na viti, nikamkatalia. Siku ya kuondoka binti alilizunguka na kulikagua yeye mwenyewe, akapiga magoti kutazama chini huku mama yake akishuhudia. Kadi ilikuwa kwenye mkoba wake, jina lake juu yake. Dada alisema anamsindikiza mpaka Mlali tu, kisha atapata usafiri wa kurudi. Tukafika Mlali, hakushuka. Binti akasimamisha, akangoja, injini inanguruma. Dada akatazama mbele akasema, "Twende, usiniunguzie mafuta." Mimi nilikuwa nyuma na trei za miche, mwanamke mzima, mwalimu mwenye miwani, nikashikilia kofia.

Na niliyoyakuta juu sitakudanganya. Nyumba ya bibi yetu imebaki mawe ya msingi, na vitunguu vimeota mahali palipokuwa na jiko. Uwanja ambao mama aliangusha goli umejengwa madarasa. Sista amezikwa pembeni ya kanisa, na vijana wanaopita hawajui kwamba aliwahi kukaa juu ya mto. Mtoni hakuna mtoto anayekanyaga karoti; kuna mipira ya maji, na karoti zinaoshwa kwa pampu, na hilo ni jema, sitalililia. Zamani mtu alisimama ukingoni akaita ng'ambo ya bonde kwamba gari limefika kona ya tatu, na sauti ikapokelewa, ikapelekwa mbele. Sasa wanapigiana simu wakiwa wameinamisha vichwa. Wale wanawake wenye utosi laini wamebaki wawili. Mmoja alinishika uso kwa mikono yote miwili akaniita kwa jina la mama, na sikumsahihisha.

Hayo yote yaliondoka bila mtu kuja kwangu kuniuliza. Hakuna aliyeniita kwenye kikao kuhusu sauti ya bonde, wala aliyeniletea karatasi ya uwanja nitie saini. Ningeulizwa, huenda ningekubali mengine. Gari waliniuliza. Nikasema hapana.